Eugene Bullard: Rubani Aliyekataliwa na Nchi Yake

Mabibi na mabwana, hata kabla sijapanda jukwaani nimeulizwa swali ninaloulizwa kila mahali: Eugene Bullard aliangusha ndege ngapi za Wajerumani? Mwenyewe alisema mbili, na hakuna iliyothibitishwa rasmi. Tuliache hapo, maana swali hilo limeficha jambo kubwa zaidi.

Tuutazame mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vinaendelea. Kijana huyu mweusi, mzaliwa wa Columbus katika jimbo la Georgia, alikuwa amekwisha kupigana mahandakini katika jeshi la Ufaransa, akajeruhiwa vibaya pajani huko Verdun mwaka 1916 na kutunukiwa Croix de Guerre, nishani ya Ufaransa ya ushujaa vitani. Akiwa bado anauguza jeraha hilo, kama alivyosimulia mwenyewe, Mmarekani mmoja mweupe aliwekeana naye dau la dola 2,000 kwamba hataweza kuwa rubani. Bullard akaenda kusomea urubani, na tarehe 5 Mei 1917 akapata leseni. Agosti alikuwa tayari katika kikosi cha mstari wa mbele, akirusha ndege ya kivita aina ya SPAD.

Marekani, iliyokuwa imeingia vitani Aprili, ikawaalika raia wake waliokuwa marubani wa Ufaransa wahamie jeshi lake. Bullard aliomba, akapimwa na madaktari, akafaulu. Wenzake weupe walichukuliwa; yeye hakuchukuliwa. Mtaniambia, kama nilivyoambiwa mara nyingi, kwamba huenda uzoefu wake ulikuwa mdogo. Mdogo kuliko wa nani? Jeshi hilohilo lilikuwa likiandikisha vijana ambao hawajawahi kupanda ndege, ilhali yeye alikuwa akitoka angani kupigana. Kilichokosekana si uzoefu. Ni rangi ya ngozi waliyoitaka wao.

Wala Ufaransa tusiisifu kupita kiasi, kwa sababu baada ya ugomvi wake na ofisa mmoja ilimwondoa katika urubani na kumrudisha kwa askari wa miguu.

Muda umenibana, kwa hiyo mwaka 1940, alipojeruhiwa tena akiitetea Ufaransa, naupita. Mwaka 1959 Ufaransa ilimpa Légion d'honneur, nishani yake ya heshima ya juu kabisa, wakati huo akiendesha lifti katika jengo la Rockefeller Center, New York. Alifariki mwaka 1961. Cheo cha luteni katika Jeshi la Anga la Marekani alipewa mwaka 1994.

Sasa nitapokea maswali, ila lile la idadi ya ndege nimekwisha kulijibu.