Maji ya Ngamani: Uliza Yameingia Lini, Ndipo Uulize Yameingia Wapi

Shikamooni wazee, na ninyi wengine hamjambo. Nafurahi kuona manahodha, mafundi na mabaharia wamekaa safu moja, maana chombo kikivuja ni makundi haya haya yanayotupiana lawama. Nahodha atasema fundi hakutia kalafati, yaani pamba ya kuziba kati ya mbao, sawasawa. Fundi atasema nahodha alikipweleza juu ya mwamba. Baharia hasemi kitu, yuko chini anafua maji, yaani anayatoa chomboni.

Leo nazungumzia jinsi ya kutafuta maji ya ngamani, yaani ya sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, yanapoingilia. Nianze na mashua na majahazi ya mbao yenye injini ya dizeli ndani, yale tunayoyaona kutoka Lamu hadi Mtwara. Wenye boti za faiba nitawafikia mwishoni.

Kosa linalowapotezea watu siku nzima ni kuamini kwamba maji yanapoonekana ndipo yalipoingilia. Kwenye vitako vya mataruma, yaani mbavu za chombo, kuna vitundu vya kupitishia maji, na vimewekwa makusudi ili maji yote yateremke mpaka banduru, pale pa kufulia maji. Ufa ulioko omo (mbele ya chombo), kwenye hanamu (mti mkuu wa mbele), utajaza banduru iliyoko nyuma. Maji ya ubao wa juu hushuka nyuma ya taruma bila kuonekana, yakatokea mkukuni, kwenye boriti kuu ya chini, kana kwamba yametoka humo. Kwa hiyo mtu anayemulika tochi banduruni anatazama mwisho wa safari ya maji, mwanzo wake haujui.

Ndiyo maana tunaanza na saa kabla ya tochi. Uliza: maji yanaingia wakati gani? Chombo kikiwa nangani, injini imezimwa, mvua hakuna, na maji bado yanaongezeka, basi tundu liko chini ya mstari wa maji: maungio ya mbao, msumari, glandi ya shafti (kizuia maji pale shafti inapotoboa chombo), au bomba lililotoboa ubavu. Yakiingia injini inapokwenda tu, achana na mbao kwanza. Tazama maji ya kupozea injini, ekzosi (bomba la moshi) inayopitisha maji, na glandi shafti inapozunguka. Yakiingia tanga likiwa juu, tena upepo ukiwa upande mmoja tu, mshukiwa ni mbao za juu za upande wa demani, ule usiopigwa na upepo. Zile hukaa nje ya maji siku zote, jua linazikausha, kisha chombo kinapolala zinazama ghafla. Tanga huvuta mlingoti vilevile, na mlingoti hutikisa mbao zilizo karibu na kitako chake, kwa hiyo hapo pia pana la kutazamwa. Maji ya baada ya mvua yana njia yake, ni sitaha na mifuniko, sitalikalia hilo.

Sasa lazima upime, kukisia hakutoshi. Fua maji yote, kausha kwa kitambaa, ngoja saa moja kamili, kisha fua tena ndani ya dumu lenye alama za lita. Andika. Fanya hivyo nangani, fanya tena injini ikiwa imekwenda saa moja, fanya tena chombo kikiwa kwenye tanga. Ukipata lita 4 nangani na lita 4 injini ikiwaka, injini haina hatia. Ukipata nusu lita nangani na lita 6 injini ikiwaka, umeshaacha robo tatu ya chombo bila kuigusa. Wakati wa kipimo zima pampu ya otomatiki, na mtu abaki chomboni. Pampu hiyo inaficha habari: chombo kinavuja mwaka mzima, mwenyewe hajui, mpaka usiku ambao betri imeisha.

La pili ni aina ya maji. Baharini kila lita ina takriban gramu 35 za chumvi. Chota kijiko kimoja cha chakula, kichemshe mpaka kikauke. Maji ya bahari yataacha ganda jeupe la karibu nusu gramu, ya mvua au ya tangi hayaachi kitu cha maana. Msionje kwa ulimi, ngamani mna dizeli na oili. Wavuvi wenye sanduku la barafu wakumbuke kwamba barafu ya kilo 50 ikiyeyuka ni lita 50 za maji, na sanduku likiwa na ufa yote huishia ngamani. Harufu ya samaki itakwambia. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria kipimo cha chumvi hakiwafai, maana nje maji baridi, ndani maji baridi. Wao watie rangi ya chakula kwenye tangi la maji ya kunywa: maji ya ngamani yakibadilika rangi, tangi au mpira wake umevuja.

Baada ya hapo ndipo tunaingia chini. Ondoa shehena, ondoa mbao za kukanyagia, osha ngama kwa sabuni, kausha kabisa. Maji machafu yenye oili usiyamwage baharini, yatie kwenye dumu uyapeleke nchi kavu. Kisha ziba kwa muda vile vitundu vya mataruma kwa udongo wa mfinyanzi au kitambaa kilicholowa. Sasa umeigawa ngama vyumba vyumba. Chumba kinachotangulia kulowa ndicho chenye kesi. Ndani ya chumba hicho nyunyiza unga wa chaki kwenye maungio na vichwa vya misumari. Maji yakipita, unga hugeuka rangi na kuacha mchirizi. Fuata mchirizi kwenda juu mpaka unapokoma. Ukimaliza zibua vitundu vyote, hata kimoja kisisahaulike, maana kikisahaulika maji yatakaa omo wakati pampu inanyonya hewa nyuma.

Wapo watakaosema wao hutia maji ndani chombo kikiwa kimepwelewa, wakatazama nje. Njia nzuri, ila ina masharti. Chagua bamvua, siku za maji makubwa, maji yapwe mbali. Kati ya kujaa na kupwa mna takriban saa 6, kwa hiyo vifaa viwe tayari mapema. Kiegemeze chombo kwa magogo pande zote mbili. Pangusa nje mpaka pasidondoke kitu, ndipo umimine maji yenye rangi ndani, sentimita 10 hadi 15 juu ya mkuku, zaidi ya hapo usifanye. Lita 1,000 ni tani moja. Kalafati imepigwa kutoka nje ili bahari izidi kuisukuma ndani, na ukijaza chombo kama pipa unaisukuma kinyume. Alama ya mkaa iweke palipotoa rangi, lakini kagua shubiri moja kila upande, kwa sababu maji hutambaa ndani ya pamba kabla ya kupata pa kutokea.

Sasa washukiwa wenyewe. Chombo kilichokaa juani pwani kwa wiki kadhaa kitavuja kikishushwa, hilo si ugonjwa. Mbao zimesinyaa, zitavimba. Lowesha ndani kwa magunia mabichi kabla ya kushusha, na pima kila siku: ndani ya siku moja hadi tatu lita zipungue waziwazi. Zisipopungua, tafuta. Hapa nawaomba mafundi vijana msishindilie pamba kwa nguvu kwenye mwanya uliokauka. Mbao ikivimba haina pa kwenda, itasukuma jirani yake na kung'oa misumari, na mwezi ujao utakuwa na uvujaji mahali pawili.

Mahali pa kutazamwa mwanzo ni ungio la ubao wa kwanza na mkuku, kisha ncha za mbao kwenye hanamu na fashini (mti mkuu wa nyuma). Hapo ndipo chombo kinapojipinda, na ndipo kinapogonga mchanga. Halafu misumari. Msumari wa chuma unaooza huacha machozi ya kutu, na mbao kuuzunguka inakuwa nyeusi na laini. Choma kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, mbao imekwisha pale. Usipige msumari mpya kwenye tundu lile lile. Ziba tundu kwa kijiti cha mbao, sogea kando penye mbao nzima, na uzungushie pamba yenye mafuta chini ya kichwa cha msumari mpya. Pamba ile isipokuwepo maji hufuata shina la msumari moja kwa moja ndani.

Na kuna yule mdudu wa baharini mwenye umbo la mnyoo anayekula mbao. Kwa nje tundu lake ni dogo kama ncha ya pini, kwa ndani handaki huweza kufika unene wa kidole kidogo. Ukitazama kwa macho hutamwona. Gonga ubao kwa nyundo ndogo, usikilize panapolia utupu. Moto wa makuti chini ya chombo unamuua, lakini haujazi handaki alilokwisha kulichimba. Ubao uliotobolewa ubadilishwe.

Glandi ya shafti inasingiziwa sana. Yenye pakini, yaani pete za kamba zinazoizunguka shafti, lazima idondoshe kidogo shafti inapozunguka, maana maji ndiyo yanayoipoza. Matone mawili matatu kwa dakika yanatosha, nayo ni chini ya robo lita kwa siku nzima. Tone moja kila sekunde ni lita 4 na kitu kwa siku, hapo kaza nati robo ya mzunguko, kisha funga nati ya pili. Endesha nusu saa, weka mkono: vuguvugu sawa, ikiunguza umekaza mno, na pakini itachimba mfereji kwenye shafti. Kubadilisha pakini ni kazi ya nchi kavu. Toa pete zote za zamani, usiongeze mpya juu ya chakavu, na maungio ya pete yasilingane, kila moja liangalie upande wake. Ikiendelea kudondoka baada ya pakini mpya, shafti imelika au haikunyooka na injini.

Mtauliza, hatari kubwa iko wapi? Iko kwenye mabomba. Bomba la milimita 25 likichomoka sentimita 60 chini ya maji huingiza karibu lita 60 kwa dakika, ndoo tatu kubwa. Pampu ndogo iliyoandikwa lita 1,900 kwa saa haifiki lita 32 kwa dakika, na hiyo ni dukani. Ukishaifunga na mpira wa kupandisha maji, kiasi hicho hushuka zaidi. Kwa hiyo kando ya kila bomba funga kizibo cha mbao laini kilichochongwa kama pia ya kuchezea, kwa kamba, kisiwe kwenye sanduku.

Wenye boti za faiba, hapo hakuna kalafati, lakini kipimo cha saa ni kile kile. Kagua plagi ya kutolea maji, boliti zinazoshika mashine nyuma, na ungio la sitaha na ubavu. Halafu tazama mdomo wa kutolea maji wa pampu yenyewe. Ukiwa chini, boti ikibeba mzigo mdomo unazama, na pampu ikizimwa bahari inarudi ndani kwa mpira ule ule. Watu hutafuta ufa usiokuwepo. Pandisha mpira mpaka juu kabisa ndani ya boti kabla haujatoka, toboa tundu dogo la hewa kileleni au weka valvu ya hewa hapo, na usitegemee valvu ya kuzuia maji kurudi peke yake, kwani uchafu mdogo ukikwama humo inabaki wazi.