Kurusha faili kutoka laptopu hadi tableti: programu ninayotumia studioni Kisumu

Hamjambo watu wangu, karibuni tena studioni, hapa Kondele, Kisumu. Hizo honi ni za matatu, nimeshindwa kuzinyamazisha tangu nifungue duka. Leo tunajibu swali ninaloulizwa kila bibi harusi akija na tableti yake mkononi: "Kaka, hiyo video utanirushiaje?"

Kabla hujapakua chochote, angalia mezani una vifaa gani. Kama ni Mac na iPad, AirDrop, njia ya Apple ya kurushiana faili, imo ndani tayari, nenda ukanywe chai, video hii haikuhusu. Kama ni laptopu ya Windows na tableti ya Android, ipo Quick Share, ile iliyokuwa ikiitwa Nearby Share mpaka mwaka 2024 Google walipoiunganisha na ya Samsung. Ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila wateja wangu ni mseto. Huyu ana iPad, yule ana Samsung, na mpwa wangu anayeshika kamera hapa anatumia Linux kwa sababu anapenda taabu. Usicheke, unatikisa picha.

Kwa mseto huo mimi natumia LocalSend. Ni ya bure, haina matangazo, haitaki akaunti, na inakaa kwenye Windows, Mac, Linux, Android na iPad. Faili inatoka kifaa hiki inaingia kile kupitia waifai ya hapo hapo ndani. Haipandi kwenye intaneti, kwa hivyo bando lako haliguswi.

Mtaniuliza, na WhatsApp je? Ukituma kama picha, inazikamua. Ukituma kama hati inaziacha zilivyo, lakini mwisho ni gigabaiti 2 kwa faili, na bando ni lako. Bluetooth? Gigabaiti 1 tu itakuweka zaidi ya saa moja, na ukihama chumba unaanza upya. Flashi nauza mimi mwenyewe, hizo hapo nyuma yangu, kwa hivyo sitazisema sana. Ila jueni hili: flashi ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, ule mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, hata kama ina nafasi ya 64. Mteja alinirudishia moja akidai ni feki. Haikuwa feki. Tuliifomati kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, ikameza video yote.

Haya, tuanze. Pakua kwenye laptopu kutoka localsend.org, kwenye tableti nenda dukani kwa programu kama kawaida. Sakinisha, fungua. Itakupa jina la kuchekesha lenye tunda au mboga ndani yake, unaweza kulibadilisha. Yangu nimeiita Mbuta.

Sasa vifaa vyote viwili viwe kwenye waifai moja. Hapa studioni tunayo ya... Ee. Stima imeenda. Mnaona? Usizime kamera, endelea, hii ni bahati nzuri maana ndivyo mambo yalivyo huku kwetu.

Ruta imekufa, kwa hivyo nawasha hotspoti ya simu hii ya Android. Data ya simu nazima kabisa. Ukiiacha, Windows ikiona intaneti inaweza kuanza kupakua masasisho yake, na bando la wiki linaisha ukitazama. Hotspoti bila data inafanya kazi vizuri tu. Kama vifaa vyako vyote ni vipya kidogo, iweke kwenye mawimbi ya gigahezi 5, ni ya kasi zaidi. Laptopu ya zamani isipoiona, rudi 2.4.

Nimeunganisha tableti, na sasa laptopu. Simama hapo hapo. SIMAMA. Windows imekiona hiki kama mtandao mpya, na mtandao mpya inauchukulia kuwa wa umma, kama ule wa hotelini, kwa hivyo inaificha kompyuta yako isionekane na vifaa vingine. Ingia kwenye mipangilio ya waifai, bonyeza jina la hotspoti yako, badilisha kutoka mtandao wa umma kuwa mtandao binafsi. Fanya hivyo kwa mtandao wako mwenyewe tu, si ule wa hotelini.

Halafu kidirisha hiki kinachouliza kama LocalSend iruhusiwe kupita ulinzi wa Windows. Tafadhali, tafadhali, bonyeza ruhusu. Usighairi. Nilikuwa kwenye harusi Ahero, emsii ananiita, nikaghairi haraka haraka ili kiondoke machoni. Saa nzima tableti na laptopu havionani, baba harusi kanisimamia mgongoni, jasho linanitoka. Ukighairi, Windows inaandika kimya kimya kwamba programu hii imekatazwa, na haikuulizi tena. Itabidi uingie kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa kupita ulinzi wa Windows, uitafute, uiwekee tiki mwenyewe. Kwa hivyo ruhusu. Nimesema mara ngapi? Ruhusu.

iPad nayo itakuomba ruhusa ya kutafuta vifaa kwenye mtandao wa ndani. Kubali.

Kwenye laptopu naenda upande wa kutuma, nachagua video, na tableti inatokea... haitokei. Ngoja. Leta kamera hapa. Ahaa, tableti imeona hotspoti haina intaneti, ikaikimbia. Ni hii ya Android. Unganisha tena, na ikikuuliza kama ubaki bila intaneti, sema ndiyo. Hiyo hapo! Naibonyeza, tableti inauliza, nakubali.

Video hii ni gigabaiti 6.2. Kama unapokea kwa iPad, usiondoke kwenye LocalSend wala usiache skrini izime, kwa sababu iPad huisimamisha programu ukitoka na faili inakatika katikati. Mimi huwa namwambia mteja aiguseguse skrini kama anayebembeleza mtoto.

...Dakika nne na kitu. Bluetooth ingekuwa bado inapiga miayo. Kwenye Android itafute kwenye matunzio ya picha na video, isipokuwepo angalia folda ya vipakuliwa. Kwenye iPad angalia kwanza programu ya Picha, isipokuwepo fungua programu ya Faili, ndani ya folda ya LocalSend.

Usifute ya laptopu bado. Fungua hii ya tableti, iburute hadi sekunde za mwisho uone inacheza. Keki imekatwa, mama mkwe anacheza, iko sawa. Sasa mwenye tableti huyo anabisha hodi mlangoni. Zima kamera, lakini hotspoti iache, stima haijarudi.