Kwa Nini Kijiko Kinaanguka?

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Nalirudia kwa sababu bado tunawafunga watoto midomo kwa majibu ya mkato.

Mtazameni mtoto anayejifunza kula mwenyewe. Anaachia kijiko, kinaanguka. Anainama kukichungulia, anakutazama, anangoja umwokotee. Ukimpa tu, anakiachia tena. Sisi tunaita utundu. Mimi nasema huo ni uchunguzi. Kijiko kinafika sakafuni kabla nusu sekunde haijatimia, na kila mara kinaelekea chini, hakikosei hata siku moja. Kwa nini? Akishajua kusema atauliza, nasi tutamjibu: "Dunia inakivuta." Basi, tumemaliza.

Hatujamaliza! Inakivutaje, na haikigusi? Mwaka 1687 mwanasayansi Newton alituletea kanuni ya mvutano, na kwa hesabu ile ile unakokotoa mwendo wa Mwezi na wa kijiko. Lakini katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka 1713, aliandika waziwazi kwamba chanzo cha mvutano huo hajakipata, na kwamba hatabuni dhana ya kuzibia pengo. Newton huyo! Halafu sisi tunaona aibu kumwambia mtoto "sijui."

Najua kuna anayesema moyoni: hayo ya kale, mwanafizikia Einstein alishayamaliza mwaka 1915. Einstein alitufikisha mbali sana. Maada hupinda nafasi na wakati, na kijiko hufuata mpindo huo. Sawa. Na kwa nini maada ipinde chochote? Milinganyo yake inasema hupinda kwa kiasi gani, inaishia hapo. Hata ile namba ya mvutano, G, tunaipata kwa kuipima tu. Hakuna nadharia iliyotueleza kwa nini iwe hiyo na si nyingine.

Msinielewe vibaya. Sisemi palipo na pengo tupachike uchawi. Anayefanya hivyo naye anamnyamazisha mtoto, tena vibaya zaidi. Wala sikubali kwamba sayansi inaua mshangao. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya juu ya Mwezi, kusiko na hewa ya kuuchelewesha unyoya, vikatua pamoja. Wanafizikia wote walijua itakuwa hivyo. Itazameni picha ile ya video mwone kama mwili hausisimki.

Nilikusudia kuzungumza pia juu ya fahamu, yaani jinsi mtu anavyohisi mambo ndani yake. Mwanga mwekundu tumeupima, mawimbi yake yana urefu wa takriban nanomita 700, na seli za jicho zinazoupokea tunazijua. Kwa nini anayeuona auone *hivi*, vipimo havijasema. Muda hauniruhusu kuendelea.

Walimu mliopo, naomba mnianzie nyinyi: mtoto akishauliza "kwa nini" mara ya tatu mfululizo, darasani kwako huwa unamjibu nini?