Fundi Anasubiri Mchanga

SALMA: Karibuni tena. Haji, kila mwenye nyumba hapa Unguja analalamika kwamba mafundi wetu wavivu. Wewe unasimamia saiti za ujenzi. Unakubali?

HAJI: Sikubali aslan, Bi Salma. Nenda saiti saa tatu asubuhi, utamkuta fundi na saidia fundi wake wamekaa kitako. Wanasubiri mchanga. Mchanga wenyewe siku hizi ni wa kibali, maana kisiwa kidogo na mashimo yameshakula mashamba. Mchanga ukifika, saruji imekwisha, na saruji inavuka bahari. Jioni posho inalipwa, ukuta haujapanda.

SALMA: Wala si kwetu tu. McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, walieleza mwaka 2017 kuwa tija ya wafanyakazi wa ujenzi duniani ilikua kwa asilimia 1 tu kwa mwaka katika miongo miwili, huku tija ya uchumi mzima wa dunia ikikua kwa asilimia 2.8.

HAJI: Kwa sababu kila saiti inaanza upya. Watu wapya, ramani mpya, na mwenye nyumba anakuja linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, imeshamwagwa, anasema dirisha lisogee. Hapo unavunja kazi ya juzi kwa pesa ya kesho.

SALMA: Wazee wa Mji Mkongwe walifanyaje?

HAJI: Hilo ndilo linalonivutia khasa! Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki sana mita 3. Basi upana wa chumba ulijulikana hata kabla ya kuchora. Mkata boriti, fundi na mwenye nyumba, wote kipimo kimoja. Leo Fumba zipo nyumba za mbao ambazo kuta zake zinaundwa kwanza karakanani, zikifika uwanjani ni kusimamisha. Fikra ni ile ile: kipimo kimoja, kirudiwe.

SALMA: Lakini kwa nini wakandarasi wengi hawajaribu hayo?

HAJI: Nani atamlipa mkandarasi? Zabuni anapewa mwenye bei ya chini, kisha malipo yanachelewa. Mtu anayenunua saruji mifuko kumi kumi atanunua mashine ya zege kwa lipi? Ubunifu unaanzia kwa anayelipa. Akilipa kwa wakati, mkandarasi anaagiza vifaa mapema, anabaki na mafundi wale wale, nao wanazidi kuwa wepesi nyumba hata nyumba. Mimi hili naliamini kuliko mashine yoyote.

SALMA: Saiti ndogo, ya vyumba vitatu. Uanzie wapi?

HAJI: Alhamisi jioni, msimamizi na fundi mkuu wakae wahesabu vya wiki ijayo: nondo, kokoto, maji, ramani iliyosainiwa. Kazi ambayo kimoja kimekosekana isiitiwe watu. Waitwe kwenye kazi iliyo tayari.

SALMA: Na kibarua asiyehitajika siku hiyo?

HAJI: Aambiwe jana yake, apate kutafuta riziki kwengine. Si alfajiri, ameshapanda daladala.