Yadi ya Mwisho: Mhadhara Kuhusu Fainali za Mpira wa Kimarekani

Mwenyekiti, asante sana. Umenitambulisha kama mtu wa Super Bowl, ile fainali kubwa ya mpira wa Kimarekani, nami nashukuru, ila muda wangu mwingi leo utaishia kwenye mechi iliyochezwa kabla hata jina hilo halijabuniwa. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka kule nyuma. Ndiyo, nakwenda 1958 tena, na wala sioni haya.

Aliyekuja akitarajia orodha ya fainali kumi bora, pole yake. Orodha hizo zimejaa tele na zote zinafanana: pasi ndefu, mtu karuka, kadaka kwa mkono mmoja, muziki unapigwa, basi. Vipande vya dakika tatu. Ugomvi wangu ni huo huo wa siku zote. Anayeangalia vipande anaondoka akidhani fainali hizi ziliamuliwa na watu wanaorusha mpira mbali. Nyingi katika zile zinazokumbukwa ziliamuliwa mahali pabaya kabisa kwa mtazamaji, pale watu 22 wanaporundikana, huoni mpira uko kwa nani, na kinachogombewa ni yadi moja. Sentimita tisini na kidogo! Mtoto anaruka bila kukimbia.

Sheria sifundishi leo. Ukijua kwamba timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi, unajua ya kutosha. Asiyejua amwulize aliyekaa naye.

Haya. Tarehe 28 Desemba 1958, Yankee Stadium, New York. Giants wako nyumbani, Baltimore Colts wageni, watu 64,185 uwanjani. Kila msimulizi huanza na Johnny Unitas, na namwelewa, maana habari ya Unitas ni tamu. Kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, aliyetemwa na Pittsburgh Steelers mwaka 1955 bila kuchezeshwa mechi hata moja ya ligi, akaenda kucheza mchangani, dola 6 kwa mechi, na miaka mitatu baadaye yuko kwenye fainali ya taifa. Tamu kweli. Lakini mimi simwanzii Unitas, namwanzia Frank Gifford wa Giants.

Zimebaki dakika mbili na ushei. Giants wanaongoza 17 kwa 14. Jaribio la tatu, wanatakiwa kusogea yadi 4. Wakizipata wanaukalia mpira, saa inakwisha, ubingwa wao. Gifford anapewa mpira, anakata kulia, Gino Marchetti wa Colts anamkamata na kumwangusha. Kabla Marchetti hajainuka, anaangukiwa na mwenzake mwenyewe, Big Daddy Lipscomb, pande la mtu lile. Mguu wa Marchetti unavunjika. Jamaa analia kwa maumivu, watu wanakimbilia kumwinua, vurugu tupu. Vurugu zikitulia, mpira umeshawekwa chini, unaletwa mnyororo wa kupimia, na mpira umepungua inchi kadhaa.

Gifford alishikilia mpaka uzeeni kwamba alifika, na kwamba katika purukushani ile ya mguu uliovunjika refa aliuweka mpira nyuma ya pale alipoangukia. Colts nao wakashikilia kwamba hakufika. Mimi nimeacha kuwaamulia. Ninachotaka mkione ni kwamba mchezo wote, miezi yote ya ligi, umebanwa kwenye swali la mtu aliyeinama akiweka kitu cha ngozi kwenye nyasi kwa mikono yake. Hakuna marudio ya video, hakuna kamera kumi na mbili.

Halafu likaja ninalogombana nalo zaidi. Giants bado walikuwa na jaribio la nne. Inchi tu! Kocha Jim Lee Howell akaamua mpira upigwe mbali, waachiwe Colts, Don Chandler akaupiga vizuri sana, Colts wakauanzia kwenye yadi yao ya 14. Najua mtaniambia nini. Mtasema enzi zile kila kocha angefanya hivyo, na ngome ya Giants ilikuwa bora kuliko washambuliaji wao, sasa uende kucheza kamari ya nini? Sawa. Lakini mpira ule ulikwenda mbali jinsi ulivyotakiwa, ngome ile ile bora ikasimama pale pale ilipotakiwa kusimama, na bado Unitas akaipita chini ya dakika mbili. Pasi tatu mfululizo kwa Raymond Berry, yadi 62. Wawili hawa walizoea kubaki kiwanjani wakifanya mazoezi wenzao wameshaoga na kuondoka, kwa hiyo Berry alikuwa anageuka na mpira umeshafika. Siku ile alidaka mara 12, yadi 178. Mimi ningejaribu zile inchi, ndugu zangu. Ningejaribu, na nikikosa mnifukuze kazi.

Zikiwa zimebaki sekunde 7, Steve Myhra akapiga mkwaju wa pointi tatu, 17 kwa 17. Dakika za kawaida zikaisha, na hapo ikatokea kitu ambacho leo hakiingii akilini: wachezaji wengi hawakujua kinachofuata. Fainali ya ligi hiyo, NFL, haikuwa imewahi kuingia muda wa nyongeza. Wengine walidhani ni sare, wakaoge. Ikabidi irushwe shilingi. Giants wakapata mpira, wakashindwa kusogea, wakaupiga mbali tena. Marchetti hakukubali kupelekwa ndani, akalazwa kwenye machela pembeni ya kiwanja aangalie, mpaka askari wakamwondoa kwa kuogopa umati ungemkanyaga.

Colts wakauchukua mpira yadi 80 kutoka lango la Giants, wakausogeza kidogo kidogo. Walipofika yadi ya 8, picha ya televisheni ikakatika nchi nzima. Waya umechomoka. Wakati huo huo mtu mmoja akaingia kiwanjani mbio, polisi nyuma yake, mechi ikasimama. Inasemekana alikuwa mfanyakazi wa kituo cha televisheni cha NBC na alitumwa kununua muda. Kama ni kweli, jamaa alistahili medali. Picha ikarudi. Unitas, badala ya kutulia, akarusha pembeni kwa Jim Mutscheller, akaangukia nje kwenye yadi ya 1. Kisha Alan Ameche akapewa mpira, akainamisha kichwa, akapita kwenye uwazi mkubwa kiasi kwamba angeweza kupita anatembea. 23 kwa 17.

Inakadiriwa watu milioni 45 waliitazama kwenye televisheni. Mmoja wao alikuwa kijana tajiri wa Texas, Lamar Hunt, ambaye mechi ile ilimsukuma kuanzisha ligi yake, AFL, iliyoanza kuchezwa 1960. Ligi hizo mbili ziliposhindwa kuangamizana zikakubaliana kuchuana kwenye fainali moja, ndiyo hiyo Super Bowl yenu. Jets wa Joe Namath waliowafunga Colts 16 kwa 7 Januari 1969, wakati watabiri waliwapa Colts ushindi wa pointi 18, walitoka kwenye ligi ya Hunt. Na kocha wao alikuwa nani? Weeb Ewbank, yule yule aliyewapa Colts ubingwa wa 1958. Namath alijigamba kwamba watashinda, na dunia inakumbuka majigambo. Robo ya nne nzima hakurusha pasi hata moja! Walikuwa wanampa Matt Snell mpira akimbie, yadi tatu, yadi nne, saa inakwenda. Tafuteni hilo kwenye vipande vyenu vya dakika tatu.

Sasa turudi kwenye benchi la Giants wa 1958. Howell alikuwa na wasaidizi wawili. Wa mashambulizi aliitwa Vince Lombardi, wa ulinzi Tom Landry. Miaka tisa baadaye, tarehe 31 Desemba 1967, hao wawili wakakutana kwenye fainali ya ligi ya NFL, Lombardi na Green Bay Packers wake, Landry na Dallas Cowboys. Mahali ni Green Bay, Wisconsin. Baridi ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Packers walikuwa wamefukia nyaya za umeme za kupasha moto kiwanja, na siku hiyo mitambo ikagoma, uwanja ukawa barafu tupu. Filimbi ziliganda. Refa mmoja alipuliza yake, ilipotoka mdomoni ikaondoka na ngozi. Waamuzi wakamalizia mechi kwa kupiga kelele.

Dallas mbele, 17 kwa 14. Zimebaki sekunde 16, Packers wako chini ya yadi moja kutoka mstari, jaribio la tatu, na hawana tena nafasi ya kusimamisha saa. Mara mbili mfululizo walikuwa wamempa mpira Donny Anderson, mara mbili akateleza. Wangeweza kupiga mkwaju, wapate sare, waende muda wa nyongeza kwenye baridi ile. Kwotabeki Bart Starr akaenda pembeni kuzungumza na Lombardi. Akarudi, akawapangia wenzake mpango ambao Chuck Mercein angepokea mpira. Hakumwambia mtu kwamba atabaki nao mwenyewe. Jerry Kramer akamsukuma Jethro Pugh kando, Starr akajitupa ndani. 21 kwa 17.

Kuna picha maarufu ya tukio hilo, na mimi huwa naipeleka kila mahali. Starr yuko chini, na nyuma yake Mercein anaruka, mikono juu. Kila mtu anasema jamaa anashangilia. Hashangilii! Alikuwa ameondoka kwa kasi akitegemea kupewa mpira, akamkuta Starr mbele yake, na sheria ilikataza kumsukuma mwenzako aliye na mpira. Akainua mikono kuwaonyesha marefa kwamba hajamgusa. Kwenye sekunde ile, barafuni, mtu anafikiria adhabu. Ndiyo maana nasema mchezo huu unaangaliwa pembeni ya mpira.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenyekiti, mechi zenyewe zinachukua zaidi ya saa tatu, wewe unaninyima nusu saa.

Nikimbie. Januari 30, 2000, Atlanta. Tennessee Titans wako nyuma ya St. Louis Rams 23 kwa 16, jaribio la mwisho. Kevin Dyson anadaka, anageuka, Mike Jones anamshika miguu. Dyson ananyoosha mkono wenye mpira, ananyoosha mpaka bega linataka kuchomoka, unabaki yadi moja. Saa imeisha. Sina la kuongeza, kaangalieni, hicho nakiruhusu hata kwa kipande.

Februari 1, 2015, hapa msinikatize. Seattle Seahawks wako nyuma ya New England Patriots 28 kwa 24. Yadi moja. Jaribio la pili, sekunde 26, na wana nafasi moja tu ya kusimamisha saa. Wana Marshawn Lynch, mtu ambaye kumwangusha ni kazi ya watu watatu. Kocha Pete Carroll anaagiza pasi. Malcolm Butler anaiwahi, anainyaka, kwisha. Tangu siku hiyo Carroll anatukanwa mpaka na watu waliokuwa wamelala.

Pigeni hesabu kwanza. Ukimpa Lynch akazuiwa, unatumia nafasi yako ya kusimamisha saa. Ukimpa tena akazuiwa, saa inakimbia na watu wako bado wako chini ya rundo. Ukitaka majaribio yote matatu, mojawapo lazima liwe pasi, kwa sababu pasi isiyodakwa husimamisha saa bure. Carroll hakuwa mwendawazimu. Kilichomfunga ni Brandon Browner, beki ambaye msimu uliotangulia alikuwa mchezaji wake mwenyewe huko Seattle. Mpango ulitaka Jermaine Kearse amzuie Butler njia. Browner akamganda Kearse pale pale alipoanzia, hakusogea hata hatua, njia ikawa nyeupe. Na Butler, mgeni wa ligi aliyetoka chuo cha West Alabama bila kuchaguliwa na timu yoyote, alikuwa ameshafungwa kwa mpango huo huo mazoezini. Ile ilikuwa pasi yake ya kwanza kuinyaka tangu aingie ligi. Kwa hiyo mkimlaumu Carroll, mnamnyang'anya Browner jasho lake. Mimi hilo silikubali na sitalikubali.

Naona mkono. Scott Norwood, mpigaji mikwaju wa Buffalo, ndiyo, 1991, Tampa, mkwaju wa yadi 47 ukapita kulia, Giants 20, Buffalo Bills 19. Unataka kusema hiyo si yadi moja. Sawa, si yadi moja, lakini kamwulize mpigaji yeyote kama asingependa kusogezwa mbele yadi saba. Na kilichowafikisha Bills pale ni kwamba Giants waliukalia mpira zaidi ya dakika 40 kati ya 60. Watu wa Buffalo walilijua hilo: timu iliporudi walikusanyika katikati ya mji wakamwita Norwood kwa jina wakimshangilia. Ningependa kukaa hapo, muda haupo.

Atlanta Falcons na ile ya 2017, walipoongoza 28 kwa 3 na bado wakafungwa, nilikuwa nimeiandikia kurasa mbili. Naziacha. Na ile ya 2024, ambapo baadhi ya wachezaji wa San Francisco walikiri baadaye kwamba hawakuzijua sheria mpya za muda wa nyongeza, miaka 65 baada ya wale wa Yankee Stadium... hiyo inaniuma kuiacha, lakini mwenyekiti ameshasimama.

Haya, maswali. Isipokuwa la burudani ya mapumziko. Nawajua nyinyi mnaoamka saa nane na nusu usiku, mnangoja mwanamuziki, akishuka jukwaani tu mnazima televisheni na kurudi kulala, robo mbili bado hazijachezwa. Nyinyi mkae kimya. Dada pale mbele, karibu.