Buti na Joho: Lucian Msamati Jukwaani na Kwenye Filamu

Wazee wetu mlio mstari wa mbele, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo. Mliokosa viti njooni mkae huku pembeni ya jukwaa, msione haya.

Nianze na London, mwanzoni mwa Desemba 2024. Mtu aliyekuwa pale siku hizo angeweza kuingia sinema mchana, akamtazama Kadinali Adeyemi wa Nigeria katika filamu ya Conclave, ndani ya joho jekundu, amebakiza hatua chache awe Papa. Jioni yake angeweza kwenda ukumbi wa Theatre Royal Haymarket, na pazia likifunguka akamkuta fukara mmoja ameketi chini anahangaika kuvua buti lililombana mguu. Huyo ni Estragon, katika tamthilia ya Samuel Beckett, Waiting for Godot. Kadinali ni Lucian Msamati, na fukara ni Lucian Msamati. Mwili uleule, sauti ileile nzito.

Naona jina limewagusa. Wazazi wake ni Watanzania, mmoja daktari, mwingine muuguzi. Yeye alizaliwa London mwaka 1976, akakulia Zimbabwe. Shahada aliyoichukua Chuo Kikuu cha Zimbabwe ni ya Kifaransa na Kireno, si ya sanaa za maonyesho. Lakini tayari mwaka 1994, akiwa na miaka 18 tu, alikuwa mmoja wa vijana walioanzisha kikundi cha Over the Edge mjini Harare, na hakuhamia Uingereza hadi 2003.

Hiyo miaka tisa ndiyo ninayoipenda kuliko yote, ingawa wanaoandika habari zake huipitia haraka ili wafike kwenye majina makubwa. Kikundi kidogo hakina anasa ya kumpa kila mtu aina yake ya mhusika. Leo unacheza mfalme, mwezi ujao unacheza mtumishi wake, na kama kuna kiti cha kubeba kati ya onyesho na onyesho unakibeba wewe. Kwetu mara nyingi tunafanya kinyume. Kijana akipatia kucheza mlevi, watazamaji wakacheka, basi atacheza mlevi mpaka azeeke, na siku akifa tutamlilia yule mlevi. Ninyi mnawajua waigizaji waliofungiwa hivyo, na mnajua walikuwa na uwezo wa zaidi. Inaniuma.

Sasa twende Stratford-upon-Avon, mwaka 2015, kwa Royal Shakespeare Company. Wanaigiza Othello, tamthilia ya Shakespeare kuhusu jenerali mweusi, chini ya mwongozaji Iqbal Khan. Othello ni Hugh Quarshie, mzaliwa wa Ghana. Na Iago, yule msaidizi anayemtilia Othello sumu ya wivu mpaka amwue mkewe, ni Msamati. Kampuni ile haikuwa imewahi kumpa mwigizaji mweusi sehemu ya Iago.

Watu walipiga makofi kwa sababu ya hiyo mara ya kwanza, na walistahili kupiga. Mimi nataka mtazame kilichotokea ndani ya tamthilia yenyewe. Tulizoea Iago mweupe. Ukiuliza kwa nini anamchukia jenerali wake, jibu unalo mkononi: ni mbaguzi. Ukishalipata hilo huchimbi tena. Mweke Msamati pale, na jibu hilo haliwezi tena kubeba mzigo wote peke yake. Anabaki askari aliyepigana vita bega kwa bega na Othello, aliyeamini kwamba huyu ni wa kwangu, kisha siku ya kugawa vyeo anaona cheo kimekwenda kwa Cassio. Chuki yake sasa inatoka nyumbani. Sisi tunaisema kwa maneno manne: kikulacho ki nguoni mwako. Na kumbukeni Iago ana mistari mingi kuliko Othello mwenyewe, kwa hiyo ukibadilisha kinachomsukuma Iago, umebadilisha tamthilia nzima.

Mwaka uliofuata, 2016, National Theatre ya London ikampa Salieri, mtunzi wa muziki anayemwonea wivu Mozart, katika Amadeus ya Peter Shaffer. Hapa ndipo nilipomwelewa, maana Julai 2020, kumbi zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, waliirusha bure kwenye intaneti, nami niliitazama usiku tatu mfululizo. Salieri naye ni mwenye wivu. Mwigizaji mwingine angechukua ule wivu wa Iago akauvalisha koti la Kizungu la karne ya 18. Msamati hakufanya hivyo. Iago anamtazama binadamu mwenzake aliyemruka. Salieri hana ugomvi mkubwa na Mozart kama alionao na Mungu. Aliweka naye ahadi, akaishi kwa adabu, akafanya kazi, kisha anafungua karatasi za kijana mpuuzi na kukuta muziki usio na mfuto hata mmoja. Anazisoma na kuusikia ule muziki, na orkesta iko palepale jukwaani inaupiga kumzunguka. Tazameni uso wake pale. Kwanza ni furaha, furaha ya kweli ya mtu anayejua muziki. Maumivu yanakuja nyuma yake. Angeanza na maumivu, tungemwona mbaya tu.

Kwa runinga sitakaa sana. Mmemwona kama Salladhor Saan, yule haramia wa Game of Thrones. Wengine mlimpenda zaidi alipokuwa Matekoni, fundi magari mpole wa Gaborone katika The No. 1 Ladies' Detective Agency, iliyopigwa Botswana kwenyewe. Wekeni fundi huyo kando ya Ed Dumani, yule mhalifu wa Gangs of London, mjionee.

Lakini nisiondoke bila kumtaja Sam. Mwaka 2019, National Theatre tena, tamthilia ya Athol Fugard, "Master Harold"... and the Boys. Port Elizabeth, Afrika Kusini, mwaka 1950, mvua inanyesha, mkahawa hauna wateja. Sam ni mhudumu mweusi, Hally ni mtoto wa mwenye mkahawa, mzungu, ambaye Sam amemlea kuliko baba yake. Zamani Sam alimtengenezea tiara, kishada kama wanavyosema pwani, wakaenda kukirusha, kisha akamwacha peke yake kwenye benchi. Hally hakujua kwa nini. Siku hii, kwa aibu anayoibeba kwa ajili ya baba yake mlevi, anamtemea Sam mate usoni. Sam anakaribia kumpiga. Hampigi. Baadaye ndipo anamwambia: benchi lile lilikuwa la wazungu pekee, mimi nisingeruhusiwa kukaa.

Mstari ule ukisemwa kwa kulaumu, unamshinda Hally na mchezo umekwisha. Sam anataka kitu kigumu zaidi: anataka mtoto arudi. Anautoa ukweli ule kama mzazi anayemfungulia mtoto mlango.

Kwa miaka mingi niliwaanzishia wanafunzi na sauti na mwendo: mzee anatembea hivi, tajiri anacheka hivi. Msamati amenibadilisha. Siku hizi nauliza kwanza mtu huyu anataka nini, na anakitaka kutoka kwa nani. Iago kwa jenerali wake, Salieri kwa Mungu, Sam kwa mtoto. Estragon anataka tu buti litoke, na kwa muda ule hakuna jambo kubwa kuliko hilo duniani.

Nimekuja nayo jozi moja, ipo kwenye mfuko huu. Ni ndogo kwa kila mtu humu ndani, nimehakikisha. Nahitaji wawili: mmoja avae, mwingine amtazame bila kumsaidia. Nani anaanza?