Kombe la Dunia la Kriketi 2027: Mnakuru wa Durban niko upande gani?

Hamjambo nyumbani! Nakuru, Kisumu, Kakamega, mpo? Mnaziona hizo taa ndefu nyuma yangu? Huo ndio uwanja wa Kingsmead, hapa Durban. Oktoba na Novemba mwaka 2027 Kombe la Dunia la kriketi linakuja Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, na Kingsmead ni mojawapo ya viwanja. Mmeniuliza sana niko na nani. Nitawajibu, ila kwanza nipeni dakika moja.

Alhamisi, tarehe 20 Machi 2003, Kenya ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia papa hapa. Mimi nilikuwa kwa kinyozi, mtaa wa Bondeni kule Nakuru, na sare ya shule, begi mgongoni, nimekazia macho televisheni iliyokuwa kwenye rafu. India walifika mbio 270, yaani alama 270, mpigaji wao Ganguly peke yake 111 na hatukuweza kumtoa. Sisi tukaishia 179. Nahodha wetu Steve Tikolo alipata 56, na kila mpira wake ulipovuka kamba ya mpaka wa uwanja wateja walipiga makofi wakiwa bado wamefungwa vitambaa shingoni. Tulishindwa, lakini tulitoka pale tumeinua vichwa. Kwenye mashindano hayo hayo Sri Lanka tulikuwa tumeshawalaza Nairobi, Collins Obuya akichukua wiketi 5 kwa mbio 24, yaani aliwatoa wapigaji 5 na mipira yake ikawapa mbio 24 tu! Siku ya kwanza niliyofika Durban, kabla hata sijatafuta nyumba, nilikuja kushika ukuta huu.

Haya, timu. Australia ndio mabingwa, wana makombe 6. Mwaka 2023 waliwanyamazisha India kwao Ahmedabad, India waliokuwa wameshinda mechi 10 mfululizo. Mtu asiwahesabu nje hadi ndege yao iondoke. India wenyewe walichukua Kombe la Mabingwa mwaka 2025, na wapigaji hawajawahi kuwaishia.

Lakini wenyeji, Afrika Kusini, hao ndio wananikosesha usingizi. Kombe hili hawajawahi kulishika. Mwaka 2003, hapa hapa Kingsmead, mvua ilikatiza mchezo wao na Sri Lanka. Mpigaji wao Mark Boucher alikuwa ameambiwa mbio 229 zinatosha, kwa hiyo mpira wa mwisho akaugusa tu bila kukimbia. Kumbe 229 ilikuwa sare, walihitaji moja zaidi. Wakatolewa nyumbani kwao. Wazee wa mtaa wangu wakisimulia habari hiyo hata leo wanashika kiuno. Ila Juni 2025, pale uwanja wa Lord's, London, nahodha Temba Bavuma aliwaongoza kuwashinda Australia na kutwaa ubingwa wa dunia wa Test, ile kriketi ya siku tano. Nadhani kitu fulani kimefunguka kwao. Wana warushaji wa kasi, na viwanja vya huku mpira unaruka hadi kifuani. Nikilazimishwa kutaja bingwa, nawataja wao.

Moyo wangu lakini uko Namibia. Nchi yenye watu kama milioni 3 tu! Ni wenyeji, na bado hawana kiti cha bure, lazima wafuzu, wakati Afrika Kusini na Zimbabwe wameshaingia. Oktoba 2025 walifungua uwanja mpya Windhoek kwa kuwapiga Afrika Kusini kwenye mchezo wa ova 20, ule mfupi ambao kila timu inarushiwa mipira 120, na ushindi ukaja mpira wa mwisho kabisa. Nililia, jamani. Nililia kwa sababu hicho ndicho tulikuwa sisi. Mara ya mwisho Kenya kucheza Kombe hili ilikuwa 2011, tukapoteza mechi zote 6, na mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja, aina inayochezwa kwenye Kombe hili. Uganda, jirani yetu pale ng'ambo ya Busia, walicheza Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024. Sisi tulikuwa tunatazama. Hilo linaniuma zaidi ya ile nusu fainali.

Vipaji havijaisha. Pale Nakuru kwenye uwanja wa klabu, tulikuwa tunasimama nje ya ua kuokota mipira inayoruka, tunarudisha kwa mrusho mmoja hadi kwa mlinda wiketi. Hakuna aliyetuita ndani hata siku moja. Kama wewe unafundisha kriketi Kisumu au Nakuru leo, fungua hilo lango, waite hao watoto wa nje ya ua.

Mama, najua unatazama. Nitapiga Jumapili baada ya kanisa. Na yeyote aliyekuwa kwa yule kinyozi Bondeni siku ile, niandikie hapo chini, nikumbushe tulikuwa wangapi.